Bei Niliyotaja Nikiwa Dirishani Gatitu

Nina tabia ya kuzuru nyumba zinazouzwa ili nione tu watu wanaishije. Asubuhi moja yenye ukungu nilifuata kibao hadi kwa Mzee Wachira, Gatitu. Benki ilimruhusu auze nyumba kwa bei iliyo chini ya deni na ikaahidi kumsamehe kilichobaki, mradi apate mnunuzi kabla ya mnada.

Nilisimama kwenye dirisha la jikoni. Mlima ukajitokeza taratibu, kilele cheupe, nikajiona nimezeeka pale nikinywa uji, viatu vyangu vimechoka kuzurura. Mzee akaniuliza ningetoa ngapi. Nikataja bei nzuri kabisa, ili tu niachwe pale kidogo zaidi. Mfukoni nilikuwa na nauli tu ya kurudi Kerugoya.

Siku chache baadaye akanipigia kwenye nambari niliyomwachia, nije chai. Nilikuta mbuzi amechinjwa na majirani wamejaa uani.

"Benki imekubali bei yako!" Mzee akanikumbatia. "Ati sasa hata mama watoto amepata usingizi."

"Kula, mnunuzi," jirani mmoja akanitania. "Ama unaogopa mbuzi ataongezwa kwa bei?"

Nilicheka kuliko wote. Nilikula mbavu mbili nikiwaza namna ya kutoweka.

"Kijana wangu," Mzee akasema, "benki wanataka arubuni Jumatatu. Utalipa na hundi?"

"Mzee," nikasema, nyama bado mdomoni, "mimi hata kitanda ninacholalia ni cha shangazi."

Mkewe, aliyekuwa akinimiminia supu, akasimamisha upawa hewani.