Siku Baba Alipofukuzwa Kwenye Waya wa Winchi

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa nimekaa tu, hata hapa Garissa penye kelele za soko. Nafumba macho, naiona laga ya kule Tarbaj, mto ambao hubaki mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe. Nasikia kengele za mbao za ngamia. Kila kitu kinakwenda polepole, kana kwamba siku ile haikutaka kwisha.

Nilikuwa msichana bado. Mama yangu alikuwa na homa kali, amelala kwenye mkeka nyuma ya Landkruza, tunampeleka hospitali Wajir. Dereva alikuwa Komora, Mpokomo wa hapa hapa Garissa, kijana mpole asiyependa maneno mengi. Katikati ya laga gari likazama kwenye tope. Upande wa Ethiopia mawingu yalikuwa meusi, na sote tulijua maana yake: maji yangeweza kutufikia juani, bila hata tone la mvua kutuangukia.

Sasa, wewe unatujua. Gari likikwama, boma zima huja. Kusimama kando mwenzako akiwa taabani ni aibu. Kila mtu atie mkono. Basi walikuja, wanaume kwa wanawake, wakajipanga kando ya waya wa winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayokunja waya ili gari lijivute, ambao Komora alikuwa ameufunga kwenye mti wa mgunga ng'ambo. Baba yangu alikuwa mbele yao, mkono juu ya waya, akisoma dua.

Komora kwanza alimbeba mama mpaka ukingoni, kivulini, nami nikamfuata. Akatupa blanketi zito juu ya waya, akainua boneti. Kisha akaingia garini, akawatazama wale watu, akazima injini.

"Mzee, sivuti watu wakiwa hapo. Waende mbali, kushinda urefu wa waya."

"Mama ya watoto nakufa, wewe nafukuza sisi?" baba akafoka kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Sisi hapana acha mtu ya shida peke yake!"

"Basi tukae."

Nilimchukia, mwanangu. Nilimchukia kabisa, huku nikimpepea mama kwa ncha ya mtandio na kuyatazama mawingu yale. Mwishowe baba aliondoka kwa hasira, na watu wakamfuata.

Winchi ikaanza kulia. Waya ukakazika, gari likatikisika, halafu waya ukakatika. Sikuuona ukipita. Niliona tu kichaka cha mswaki, pale pale baba alipokuwa amesimama, kimefyekwa katikati, na majani yake yanashuka taratibu, hayana haraka yoyote. Blanketi liliupunguza nguvu, boneti likapokea pigo lililobaki. Komora alikuwa mzima.

Komora akashuka, akapunguza upepo kwenye magurudumu yote, akaomba mikeka ya kuezekea nyumba, akaitandika mbele ya matairi yapate kushika. Watu wakataka kukimbilia kusukuma. Ndipo baba akainua fimbo yake.

"Nyuma! Rudi nyuma yote! Huyu hapana dharau sisi. Huyu nataka sisi ishi."

Kwa gia ndogo, polepole, gari likatoka. Tulifika Wajir jua likiwa bado juu, na mama akapona, alhamdulillahi.

Sasa na wewe unashika usukani wako wa kwanza. Laga yoyote, shuka uipime kwa miguu kabla hujaingia. Mchanga ukiwa laini, punguza upepo. Waya ukague wote, uuvike blanketi, na usivute kama kuna mtu karibu, hata nikiwa mimi. Watakuita mwenye kiburi. Wazee watakugombeza mbele za watu, na itakuuma. Zima injini, ungoje.

Allah akufungulie njia, mwanangu, akulinde wewe na unaowabeba. Na kama gari litabaki huko, libaki. Wewe urudi.