Bustani Iliyobaki Anwani ya Zamani

Mikono ya msusi huyu ilikuwa na ajira mbili. Kutwa ilisuka nywele katika kibanda kilichobanwa kati ya duka la vipuri na kinyozi. Mteja akichelewa, inahamia kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa juu ya boksi la rasta. Hapo alikuwa akitengeneza gemu. Usicheke. Siku hizi kuna injini za kutengenezea gemu, yaani programu zinazokupa vifaa karibu vyote, wewe kazi yako kuchora na kupanga nini kifuate nini. Tena gemu lake halikuhitaji kupakuliwa. Unafungua linki kwenye kivinjari cha simu, unacheza.

Lilikuwa gemu la bustani. Unapanda, unapalilia, unamwagilia. Ukijisahau, mimea inanyauka. Wateja walilisifu kwa midomo, wakishasukwa wamelisahau. Mchezaji wa kweli alikuwa mmoja tu, shangazi aliyemlea.

Shangazi alikuwa amefiwa na mumewe, na tangu msiba ule hakutaka kutoka kitandani wala pazia lifunguliwe. Mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa wembe, sasa ukimuuliza atakula nini anakujibu, “Chochote.” Msusi alipoishiwa maneno, akamwekea linki kwenye simu. Mwanzoni shangazi alisusa. Kisha akapanda mnyanya mmoja. Halafu akaanza kuamka mapema, ati mimea ina kiu. Akishaamka anaoga, akishaoga anatoka kugombana na jirani juu ya takataka. Nyumba nzima ilishukuru ugomvi ule. Kwenye kona ya bustani akapanda mlimau, mti aliokuwa akiupenda marehemu, na hakuwahi kuuchuma hata limau moja.

Basi, bahati ikabisha hodi. Tovuti kubwa ya gemu ilikubali kulipokea gemu la msusi. Furaha ilimpanda kichwani. Alilihamisha siku hiyohiyo, na kwa kujiona fundi akaiagiza anwani ya zamani impeleke kila mtu moja kwa moja kwenye mpya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani huwakumbuka wahenga siku ya furaha?

Siku chache baadaye alipokwenda kumtembelea shangazi, alimkuta amelala, pazia limefungwa. Shangazi alimnyooshea simu. Udongo mtupu.

“Umeing'oa,” alisema, akageukia ukutani.

Msusi aliichukua simu, akaitazama anwani iliyoandikwa juu. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo hakupaswa kulisahau: kivinjari huipa kila anwani kabati lake la kutunzia kumbukumbu. Bustani ilikuwa bado imo ndani ya simu ileile, kwenye kabati la anwani ya zamani, ila yeye mwenyewe ndiye aliyeziba njia. Hakuliona kosa kwa sababu kila alipojaribu gemu alianza upya. Hakuwa na bustani ya kupoteza. Na kama hilo halitoshi, binamu yake, mtoto wa shangazi na bingwa wa kufutafuta, alikuwa ameahidi kuisafisha simu ya mama yake, makabati ya kivinjari yakiwemo, kwa kuwa imekuwa nzito. Msusi alimpigia palepale, akamwambia akiigusa simu ile undugu umekwisha.

Kesho yake kibandani alimwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, akaketi mbele ya kompyuta. Aliondoa agizo lake la zamani, mahali pake akaweka ukurasa mdogo wenye kazi moja: kufungua kabati, kuichukua bustani na kuivusha hadi anwani mpya. Safari hii hakujifanya mjuaji. Alipanda bustani ya majaribio kwenye simu yake mwenyewe, akaivusha, akaiona imefika salama. Mteja alinuna mpaka mwisho, na alikuwa na haki.

Jioni, kando ya kitanda, alifungua linki ya zamani kwenye simu ya shangazi. Skrini ikawa nyeupe kidogo, kisha bustani ikatokea, yote. Lakini gemu lilikuwa limeendelea kuhesabu siku hata mlango ulipokuwa umefungwa: minyanya imelala chini, na mlimau kwenye kona umepukutika karibu majani yote.

Msusi aliona aibu. Akaomba simu, akasema gemu ni lake, kila kitu anaweza kukirudisha kijani sasa hivi bila shida.

“Hebu toa mikono yako,” shangazi alisema, akiinuka kuketi. “Huu mlimau ukiumwagilia unapona, au ndiyo umekwisha?”

“Unapona, shangazi. Ila taratibu.”

“Basi nitaumwagilia mwenyewe.” Alipapasa chini ya mto, akatoa miwani yake, akaivaa. Akaanza na mlimau. Kisha, bila kuinua macho, akasema, “Na wewe usinisimamie hapo. Fungua hilo pazia, sioni.”