Muulize Aliyeshika Usukani

Nakumbuka Jumamosi ile ya baridi kali, mkwe wangu Rukia alipoingia sebuleni kwangu hapa Ilford, huku ughaibuni, akijisugua viganja, tumbo mbele, siku zake zimekaribia. Akasema, "Mama, usukani wa lile gari unakaza. Unakaza, unaachia, halafu unakaza tena. Na nikikata kona haurudi wenyewe." Mwanangu, wewe uliyekuja kuniaga, lishike neno hilo, maana sebule nzima ililisikia na hakuna aliyelishika.

Mumewe Salim, huyo niliyemzaa mimi mwenyewe, hakuinua hata macho kwenye simu. "Ni mimba hiyo, mke wangu. Mikono imelegea." Lo! Tangu lini mimba ikakaza usukani? Nimezaa watatu, nimebeba mizigo ya soko mpaka mwezi wa mwisho, sijaona mimba ikihamia mikononi. Salim akajitetea kuwa gari ni la umeme, lina kompyuta, na kama lingekuwa na ubovu taa ya onyo ingewaka. Taa haijawaka, basi Rukia ndiye mbovu!

Na Rukia ni muuguzi, zamu zake huanza alfajiri, gari ndiyo miguu yake. Tena ndilo lililokuwa limpeleke kujifungua. Nikapiga kelele mpaka Salim akakubali kulipeleka kwa fundi.

Fundi gani? Wa kwetu, nani mwingine! Sisi tukiwa ugenini hatutafuti fundi, tunatafuta mtu wa nyumbani. Mzee Hamadi wa Woolwich ametengeneza magari yetu miaka nenda miaka rudi, na mume wangu alipofariki ni yeye aliyehangaika mpaka marehemu akafika Tanga kuzikwa. Mtu kama huyo utamwambia nini? Akafungua boneti, akatafuta chombo cha mafuta ya usukani. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Hakipo, kwa kuwa usukani wa gari lile husaidiwa na mota ya umeme. Si angesema tu, "Hili silijui"? Thubutu! Akajaza upepo kwenye matairi, akafunga boneti, akasema, "Baridi tu hii. Likichangamka litalainika." Salim akaitikia, "Naam, mzee." Rukia akataka kusema, Salim akamkanyaga mguu.

Heshima hiyo, mwanangu. Ni nzuri sana, lakini haikati kona.

Njiani kurudi nikawasimulia habari za shangazi yangu. Nilikuwa msichana, nikishona sare za shule barazani kwake Tanga, cherehani ikawa nzito. Nikasema. Mumewe, mjomba Mbwana, akaniambia miguu yangu mivivu. Shangazi akatoka jikoni, mwiko bado mkononi: "Wewe Mbwana, umeikalia? Miguu iliyo pale ni ya nani? Muulize inakaza wapi, kisha ndiyo useme!" Wakaangalia, wakakuta uzi umejisokota kwenye gurudumu. Salim akacheka. "Mama, hili gari, si cherehani." Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki haikwisha. Rukia akitoka kazini, kwenye kipilefti, akakata usukani, ukakaza palepale na haukurudi. Gari likapanda ukingo wa barabara, tairi likapasuka, likasimama karibu kabisa na watu waliokuwa wakingoja basi. Hakuna aliyechubuka. Lakini tumboni mtoto alikuwa kimya. Tulikaa hospitali tukiwa tumeshikana mikono mpaka wakaupata mpigo wa moyo wake. Salim alilia kama mtoto mdogo. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Gari likabebwa hadi gereji ya magari ya umeme kule Hayes. Mwenye gereji ni kalasinga, mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake bado kiko vilevile. Salim akaanza kumweleza: baridi, matairi, mimba. Kalasinga akainua mkono. "Ngoja kwanza. Nani huendesha hii gari?" Tukamwonyesha Rukia. "Haya mama, usukani unafanya aje?" Rukia akarudia maneno yaleyale ya sebuleni kwangu, hakuongeza wala hakupunguza. "Basi ni jointi, kiungo cha usukani," akasema. "Lakini tuhakikishe."

Akalinyanyua gari, magurudumu yakawa hewani, ili matairi yasisingiziwe. Usukani bado ukakaza. Akapima betri ndogo inayoipa nguvu mota ya usukani, akaikuta nzima. Akaifungua kwa chini shafti ya usukani, ile fimbo ya chuma inayoshuka kuelekea magurudumuni: magurudumu yakageuka laini, shafti peke yake ikakaza, ikaachia, ikakaza. Jointi yake ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, kwa maji na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu. Kompyuta haikulalamika kwa sababu mota ilikuwa nzima. Kilichogoma ni chuma. Akaweka shafti mpya. Rukia akaugeuza usukani kwa mkono mmoja, kisha akamtazama mumewe. Salim akatazama viatu vyake.

Mzee Hamadi alikuja kutupa pole. Nikamwekea chai, nikamwambia mbele ya wote, "Kaka, ungesema hujui, ningekuheshimu vilevile." Akakizungusha kikombe. "Shemeji, mji mzima unaniita fundi. Neno 'sijui' lilinikwama kooni." Nilimwonea huruma. Chai ya pili nikamwachia ajimiminie mwenyewe.

Siku ya uchungu Salim ndiye aliyeendesha, mimi na Rukia nyuma. Rukia, jasho linamtoka, akasema, "Punguza mwendo, kuna shimo hapo mbele." Salim akapunguza. Hakubisha, na shimo lilikuwapo. Mjukuu wangu ndiye huyu amenilalia mapajani.

Basi mwanangu, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kitu kikikaza, muulize kwanza aliyekishika, umsikilize mpaka amalize. Mkeo akikwambia kuna kitu kinamkaza, kiwe gari, kiwe mgongo, yawe maisha ndani ya nyumba yako, weka simu chini. Mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Na wewe ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Neno hilo halijamuua mtu. Kulimeza ndiko kulikotaka kunichukulia huyu.

Nenda, Mungu akufungulie njia zako, na akupe masikio kabla hajakupa gari. Amina.