Siku Nilipotangaziwa Ndoa na Babu Yangu

Aki nilipata aibu, na kwa vile ile video ilishazunguka soko lote la Homa Bay, afadhali mnisikie mwenyewe kuliko muongezewe chumvi.

Mnamjua baba yangu, yule mweupe wa Migori. Mamake, nyanya Perpetua Aoko wa Muhuru Bay (mimi nimepewa jina lake, lote, la ubatizo na la nyumbani), alimzaa na Mwairishi mmoja, Seamus Tierney, aliyetoka kwao akaja kutafuta dhahabu huku kwetu. Wote wawili walishakufa. Rekodi ya ndoa yao hakuna! Nimetafuta Migori, nimetafuta Homa Bay, parokia baada ya parokia, nimepangusa vitabu vya zamani mpaka vumbi likanikausha koo, wapi. Na baba anaugua, na maisha yake yote ameambiwa mamake hakuolewa, aliokotwa tu. Akaniambia, "Mama (ndivyo anavyoniita, kwa sababu ya jina), nataka tu kujua kabla sijaenda." Sasa ningeachaje?

Basi Jumapili nikamburuta mume wangu Otieno hadi kanisa la kwao nyanya, Muhuru Bay, niulize wazee. Sauti ilikuwa imeisha kwa lile vumbi, nikaona heri niandike kikaratasi nimpe katekista asome wakati wa matangazo: "Seamus Tierney wa Ireland na Perpetua Aoko, ndoa. Mwenye kujua lolote aseme." Fupi, safi, nikajiona mjanja kweli.

Kabla ya matangazo wageni wakaambiwa wasimame wajitambulishe. Nikakwaruza, "Naitwa Perpetua Aoko, na huyu ni mume wangu, Otieno." Tukapigiwa makofi, tukaketi.

Katekista akaanza kutangaza wanaotaka kufunga ndoa, kijana fulani na msichana fulani, halafu kwa sauti ile ile ya furaha, "Seamus Tierney wa Ireland, na Perpetua Aoko! Mwenye kujua kizuizi chochote aseme."

Yawa! Kanisa zima liligeuka. Mama mmoja alianza kigelegele akakimeza katikati, simu zikatolewa, Otieno, aliyekuwa akisinzia, akaruka juu akapaaza sauti, "Mzungu gani? Mimi ndiye mumewe!" na mimi nafungua mdomo, hakuna kitu kinatoka, napunga mikono tu kama mtu anayefukuza kuku, na kadiri ninavyopunga ndivyo watu wanavyonong'ona, ona, ameshikwa.

Ndipo bibi mmoja mzee sana akainuka na fimbo yake. "Mimi nina kizuizi! Huyo Seamus ana mke. Padre wa wakati ule alikataa kuwafungisha ndoa, basi Seamus akaleta ng'ombe kwa babake Aoko kama mwanaume yeyote. Nilikuwa msichana, mimi ndiye niliyechota maji ya wageni. Leo anaoaje tena, na alishakufa?"

Watu wakacheka mpaka kwaya ikashindwa kuimba. Mimi nilikuwa nalia. Nimepekua vitabu vya padre miezi yote ile, na ndoa yenyewe ilifungwa zizini!

Hapo nje ya kanisa nikampigia baba, nikamshikisha bibi simu amweleze. Baba akauliza, "Ng'ombe walikuwa wa rangi gani?" Bibi akamtajia, mmoja mmoja.

Kikaratasi cha kunisomea sitampa mtu tena maishani, hata nikiwa bubu nitasimama mwenyewe. Otieno bado ananiuliza Mzungu wangu hajambo. Lakini baba sasa, kila mgeni akiingia, hata kabla ya chai, anamtajia rangi za ng'ombe wa mamake.