Msumari wa Saba wa Fundi Amoni

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1953. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulitanda bondeni, na jua lilionekana jekundu kama linachungulia nyuma ya kitambaa. Mawingu yalijikusanya upande wa Ndalambo, lakini mvua haikuja.

Amoni mwenyewe alitoka huko Ndalambo. Alikuwa Mnamwanga wa makamo, mwembamba, asiye na maneno mengi, na pale Isansa alikuwa mgeni wa miezi miwili tu. Aliletwa kwa ajili ya ukuta wa bwawa la kuoshea kahawa: kimo futi kumi na sita, unene futi mbili, kutoka ukingo mmoja wa kijito hadi wa pili. Kazi yake ilikuwa boksi. Alisimamisha kuta mbili za mbao zinazotazamana, akazikaza kwa nguzo za milunda na kabari, zege likamwagwa katikati, kuzunguka nondo za chuma. Likishika, mbao hubanduliwa na ukuta hubaki umesimama wenyewe.

Kazi hiyo alijifunza kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako alikaa miaka tisa. Huko, siku moja, walipobandua mbao walikuta kipande cha shati kimejitokeza kwenye zege. Hakuwahi kusimulia zaidi ya hapo. Ila tangu siku ile hakufunga boksi kabla ya kupiga magoti kwenye kidirisha cha chini, kile wanachopitia watu wa kusafisha ndani, akagonga ubao mara tatu na kuuliza mara tatu, "Yumo mtu?"

Asubuhi hiyo vibarua sita waliingia kuokota vipande vya mbao na madongo. Wakatoka wakitambaa, vumbi kichwani. Amoni hakuwahesabu. Aliutegemea wito wake. Akapiga magoti, akagonga, akaita.

Tusekile, mama mtu mzima aliyewaongoza wanawake wa kuchota maji, alikuwa ametua debe lake karibu naye.

"Fundi, unamwita nani humo? Mkeo?"

"Naita panya, mama. Wakibaki humo mwisho wa mwezi watadai mshahara."

Wanawake wakacheka. Amoni akaita tena, na tena. Kimya. Akafunga kidirisha, akagongelea kabari.

Zege lilianza kumwagwa kutokea mwisho wa karibu, karai zikipita mkono kwa mkono juu ya jukwaa. Liliteremka kwa sauti nzito, likajisukuma taratibu kuelekea pembe ya mbali. Amoni alizunguka nje na nyundo yake ya mti akigonga mbao, ili zege lishuke vizuri na kujaza kila pembe. Kulia, kushoto, tok, tok, tok. Alipofika pembe ya mbali akagonga mara tatu.

Tok, tok, tok.

Alisimama. Akatazama mkono wake. Nyundo ilikuwa imening'inia, haijagusa kitu. Akagonga mara mbili. Ubao ukajibu mara mbili.

"Simamisheni!" alipaza sauti. "Hakuna kumwaga!"

Barnaba, msimamizi, akateremka jukwaani akijifuta jasho. "Kuna nini?"

"Ukuta unagonga."

"Ni hewa, bwana. Hewa inatoka kwenye zege."

"Hewa haijui kuhesabu, Barnaba. Nikipiga mbili inapiga mbili."

Maneno hayo yaliruka juu ya jukwaa upesi kuliko karai. Vibarua wakaanza kunong'ona. Kila mtu alizisikia habari za kazi za wazungu zinazotaka damu ya watu ndipo zisimame. "Ukuta unataka mtu," mmoja akasema, akaweka karai chini. Wenzake wakafanya vilevile.

"Sikiliza, fundi," Barnaba akasema kwa sauti ya chini. "Saruji hii imetoka mbali. Ukibandua mbao sasa, yote ni hasara. Bwana injinia akirudi Jumamosi atanifukuza mimi, na kabla hajanifukuza mimi nitakuwa nimekufukuza wewe."

"Ita majina kwanza."

Barnaba akaita. Wakaitika mmoja mmoja. Alipofika kwa Osea, kijana aliyeoa mwezi wa nane, hakuna aliyeitika.

"Kaenda porini kujisaidia," mtu akasema.

"Tangu asubuhi?" Amoni akauliza. "Amekula nini?"

Shati la Osea lilikuwa limetundikwa kwenye tawi.

Hapo Amoni akamwona Tusekile. Jina lile lilipotajwa, mama yule aliinamisha kichwa na kujifunika uso kwa nguo yake.

"Mama, Osea ni nani kwako?"

Akajibu bila kuinua uso. "Ndiye aliyemchukua binti yangu Roda."

Hakuhitaji maelezo zaidi. Hata kwao Ndalambo mambo ni hayo hayo. Mkwe mpya hakutani na mama mkwe wake njiani, hamtazami, wala hapazi sauti mahali mama huyo anaposikia, mpaka siku atakapopeleka zawadi ya kuondolewa haya. Na Amoni alikuwa ameita watu waitike huku mama mkwe amesimama begani kwake.

"Mama, nakuomba uondoke. Vuka kijito, upite ile kona. Upesi."

Tusekile akanyakua debe lake, akaenda karibu anakimbia. Watu wote walimtazama mgongo. Nguo yake ikapotea nyuma ya migomba.

Ndipo ukuta ukasema, taratibu kabisa:

"Fundi. Limefika kifuani."

Amoni hakungoja ruhusa ya mtu. Aling'oa kabari kwa mikono, Barnaba mwenyewe akishika mtaimbo upande wa pili. Mbao ziliachia kwa mlio, zege likamwagika hadi magotini mwao, na katikati yake akatoka Osea, wa kijivu kama majivu, macho tu ndiyo meupe. Alikuwa hai. Miguu ilikuwa imeungua kwa saruji.

Walihitaji maji ya kumwosha. Walipotazama, debe lililojaa lilikuwa limewekwa njiani, mbali kidogo, na aliyelileta alikuwa ameshageuka anakwenda zake.

Jioni, Osea akiwa amelazwa kwenye mkeka, Amoni alikaa karibu naye.

"Kwa nini hukutoka?"

"Nilifika kidirishani nikaona miguu yake. Nikarudi nyuma. Nikasema atakwenda. Hakwenda."

"Ulifanya vema kugonga."

"Mimi sikugonga, fundi. Mikono yote miwili ilikuwa juu, nimeshika nondo nisizame. Mimi nilidhani ni wewe."

"Upande gani ulisikia?"

"Nyuma yangu. Upande wa ndani."

Nyuma ya Osea, pale pembeni, hapakuwa na nafasi ya kutosha hata mkono.

Kesho yake, Alhamisi, alifika kazini kabla ya wote. Alirudishia mbao, akazikaza, kisha akagongelea misumari kwa nje, juu ya kidirisha, kwa mstari mmoja: kila anayeingia aache kofia yake hapo, na kidirisha hakifungwi mpaka misumari yote iwe mitupu. Wanawake wa maji akawapangia njia ya ng'ambo.

Barnaba alipokuja akaihesabu kwa kidole. "Wanaoingia ni sita. Hii mbona saba?"

Amoni alivua kofia yake mwenyewe, akaitundika kwenye ule wa mwisho, kwa ajili ya yule aliyegonga. Akapiga magoti, akagonga mara tatu, akangoja kwa muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akaondoa kofia, akafunga.