Tetekuwanga ya Baba

Nyumbani kwetu Kihanga, mdogo wangu alipata tetekuwanga akiwa bado ananyonya. Mama aliingiwa na hofu, lakini baba akacheka. "Huo ni ugonjwa wa watoto tu," alisema, na siku zote hizo yeye ndiye aliyembeba.

Mtoto alipopona, baba akaamka na vipele mwili mzima, hadi kwenye kope. Mama akampeleka zahanati. Muuguzi alitayarisha dawa ya kupaka, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mama akamwonyesha mumewe, aliyejitanda khanga mpaka puani.

"Ndiye huyu. Nimemkataza kujikuna, hasikii."

Jioni baba alinyoosha mikono kwa utii, mama akamkata kucha. Sisi watoto tulisimama kando tukimbembeleza asilie.