Pawa Saplai Mia Mbili Zenye Jina Langu

Shule niliiacha darasa la tano, na leo wenye digrii wanakuja dukani kwangu niwachagulie vifaa. Kipimo sijawahi kutumia. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, mimi naiweka kiganjani: nyepesi ni takataka, nzito ina shaba ya kutosha. Mafundi wa mtaa wetu hapa Kampala wote wanapima hivyo, na wengi nimewafundisha mimi.

Kwa hiyo nilipoagiza mia mbili kutoka ng'ambo, zikiwa zimechapishwa jina langu na wati mia tano, nilizishika kama mtu anayechagua sangara kwenye soko la samaki la Ggaba. Nzito. Nikaridhika. Shule moja ya bweni ilikuwa tayari kuzichukua zote, ila mkuu wake alitaka karatasi ya vipimo. Nikabeba tatu hadi Chuo Kikuu cha Kyambogo, kwa mwalimu mmoja wa umeme mwenye mashine ya kupimia.

"Karibu, mzee. Hizi zako?"

"Soma jina."

Akaunganisha ya kwanza, akaiongezea mzigo polepole. Kufika wati mia mbili, volti zikaanza kushuka. Mia mbili thelathini, ikazima. Ya pili ikazima palepale. Ya tatu ikatoa moshi, akafungua dirisha.

"Labda mashine yako imechoka, mwalimu."

"Nimeijaribu leo asubuhi, iko sawa."

"Basi ishike. Sikia uzito wake."

Akaishika, kisha akachukua bisibisi akaifungua. Koili zilikuwa ndogo, waya mwembamba kama uzi. Pembeni kulikuwa na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, hakijaungwa na kitu chochote.

"Waliozitengeneza wanawajua, mzee," alisema. "Wanajua mnapima kwa mkono."

Karatasi aliyoniandikia niliikunja bila kuisoma. Nikampigia mkuu wa shule, nikamwambia atafute kwa mwingine. Hakuuliza kwa nini.

Dukani nilimkuta fundi mmoja, mtu wangu wa miaka mingi, ameshachomoa moja katika boksi.

"Hii ndiyo yenyewe, bosi. Nzito."

"Irudishe. Haiuzwi."

"Basi nichukue ipi?"

Nikaiangalia rafu nzima, hata zile za aina niliyouza miaka yote bila lawama. Nikamwambia sijui.